Mapenzi ya Kwanza kwa Lugha ya Ugenini

Wazazi wenzangu, walimu, nanyi vijana mliokimbilia viti vya nyuma, habari za jioni.

Nimeombwa nimzungumzie kijana mhamiaji na lugha mpya. Nitaanzia pale ambapo sisi wazazi hatupendi kufika: siku anapopenda.

Kijana akihama na miaka yake 15, watu humwambia kachelewa, lugha hataishika. Waacheni. Joshua Hartshorne na wenzake, katika utafiti wa Kiingereza uliotoka mwaka 2018 na kuhusisha watu wapatao 670,000, waliona uwezo wa kushika sarufi haupungui sana hadi karibu na miaka 17. Mara nyingi kinachomfunga mdomo ni aibu, na hakuna aibu kama ya kuboronga mbele ya umpendaye.

Mtazameni akiandika meseji. Anaandika, anafuta, anakopa mstari kwenye wimbo, anaufuta nao. Mwishowe anatuma kikatuni cha kucheka, basi. Mwenzake anasema huyu hajali, kumbe jasho linamtoka! Nyumbani ni mtani asiyeshikika. Shuleni, kwa kuwa mzaha unamfikia wenzake wakiwa wameshamaliza kucheka, wamembandika jina la mpole. Kuna anayempenda kwa upole huo, na upole wenyewe si wake.

Jim Cummins, mtafiti wa lugha wa Canada, alitufundisha kwamba lugha ya kupiga soga huchukua kama miaka 2, na ya masomo miaka 5 hadi 7. Kusema "nakupenda" ni kazi ya wiki ya kwanza. Kusema "hapo umeniumiza", au "sitaki, ila usinichukie", kunadai lugha pana zaidi, na kijana huyu bado hana. Akikosa maneno hutabasamu. Tabasamu hilo likachukuliwa kuwa amekubali, tuna tatizo kubwa. Walimu, msiishie kuwafundisha kuuliza njia na kununua tiketi. Wafundisheni kukataa.

Mwaka 2003 Catherine Harris na wenzake walipima mshtuko kupitia ngozi za Waturuki waliojifunza Kiingereza baadaye maishani: makaripio ya utotoni yaliwashtua zaidi kwa Kituruki. Nadhani mapenzi nayo yako hivyo. Mgeni hutamka maneno mazito kwa wepesi kwa kuwa hayajamchoma bado. Mwenyeji aliyekua nayo huyapokea na uzito wake wote. Hapo hakuna aliyedanganya.

Sasa, siku atakapomleta mwenzake nyumbani, nani atatafsiri? Yeye yule anayewasomea barua za ofisini na kuwasemea kwa daktari. Baba atauliza, "Una nia gani na mwanangu?" na mgeni atafikishiwa, "Baba anauliza kama utakunywa chai." Mkitaka jibu la kweli, mwiteni shangazi anayeijua lugha, au mjifunze wenyewe.

Haya, maswali. Wa nyuma waanze.