Namna ya kuikagua Colt Navy ya 1851 kabla hujafungua pochi

Habari zenu, karibuni tena mezani. Hii iliyolala kwenye kitambaa ni bastola ya Colt Navy ya mwaka 1851: silinda ya matundu 6, mtutu wa pembe nane, inchi 7 na nusu. Kama kwa babu yako kulikuwa na gobore, utaielewa upesi, maana ni ukoo mmoja. Haili risasi za ganda. Unatia baruti kwenye tundu, unashindilia goroli ya risasi kwa wenzo huu ulio chini ya mtutu, halafu unabandika fataki kwa nyuma, kile kikofia kidogo kinacholipuka nyundo ikikigonga na kuwasha baruti. Wild Bill Hickok, mpiga bastola maarufu wa Marekani aliyeuawa katika mji wa Deadwood mwezi Agosti 1876, alikuwa na mbili zenye vipini vya pembe za ndovu. Ndiyo maana huku Marekani kila mnada una mzee mwenye Navy ambayo eti babu yake aliipata kwa Wild Bill. Msikilize, mwitikie kwa adabu, kisha geuza bastola ufanye kama ninavyofanya hapa.

Lakini kabla hujaigeuza: je, imeshindiliwa? Usicheke. Baruti nyeusi iliyokaa kavu huwaka hata baada ya miaka 100. Elekeza mtutu pasipo na mtu, vuta nyundo nusu ili silinda izunguke, kisha chungulia kila tundu kwa mbele, kwa pembeni, ukitumia tochi. Ukiona kitu cha kijivu kimeziba tundu, hiyo ni goroli. Usichokonoe, mpelekee fundi wa bunduki. Kwa bunduki ndefu ya kushindilia, teremsha ufito wa mbao mtutuni mpaka ugote, weka alama mdomoni, kisha uulaze ufito nje ya mtutu. Ukiishia mbali na kitako cha mtutu, ndani mna kitu.

Sheria naipitia haraka. Kwa sheria ya shirikisho ya Marekani ya 1968, silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake huhesabiwa ya kale, na kiwanda kiliacha kutengeneza Navy hizi 1873. Majimbo mengine yana masharti yake, uliza unapoishi. Na wewe unayewaza kumfungia shemeji zawadi kwenye begi la Dar au Mombasa, acha kabisa. Huku kuitwa ya kale hakutakusaidia kitu kwenye forodha ya kule.

Haya, igeuze tumbo juu. Kamera isogee... hapo hapo. Namba ya kiwandani imepigwa mara nne kwa mstari: chini ya mtutu, kwenye fremu, sehemu ya mbele ya kikingio cha kifyatulio, na chini ya kipini. Zote nne zifanane. Angalia pia silinda na kabari, hiki kipande bapa kinachofunga mtutu kwenye fremu. Huko namba huwa imefupishwa. Yangu zote zinaishia 418, isipokuwa kabari inasema 907. Kabari hupotea, mtu akatia nyingine. Bei inashuka, ila huo si uongo. Uongo ni pale namba moja ina tarakimu nono zilizokaa upande huku nyingine tatu ni nyembamba na zimenyooka. Mtu alipita hapo na patasi.

Juu ya mtutu utasoma anwani ya New York. Wengi hustuka hapa, wakijua Colt ni ya Hartford, Connecticut. Usistuke. Zilitengenezwa Hartford, lakini nyingi zilipigwa mhuri wa New York. Tena zipo zenye anwani ya London, maana Colt alikuwa na kiwanda huko pia.

Sasa ninapopapenda mwenyewe. Mwanga uje kwa ubavuni, silinda izunguke polepole. Umeziona merikebu? Ni vita vya baharini vya Campeche, manowari za Texas na za Mexico, tarehe 16 Mei 1843. Ilichorwa na Ormsby, mchonga nakshi wa New York, na mchoro haukuwa na kina kirefu. Kwa hiyo huanza kufutika mapema. Merikebu zikififia huku fremu nayo imechakaa vivyo hivyo, sawa. Merikebu zikitoweka na silinda inang'aa kama sufuria ya bi harusi, mtu kaipiga msasa.

Kuna nakala za Navy za Italia, kutoka mji wa Gardone Val Trompia, zinazotengenezwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Ni nzuri, zipigie shabaha. Tatizo ni yule anayeizeesha moja kwa tindikali akaiuza kama ya zamani. Tafuta mihuri ya Italia kwenye chuma: nyota, herufi PN, yaani polvere nera, baruti nyeusi kwa Kitaliano, na kisanduku chenye msimbo wa mwaka. Asipoziacha, ataacha kidimbwi aliposugulia. Pitisha kucha, utakihisi.

Vifaa sasa. Chupa hii ya shaba ya baruti ndiyo aibu yangu. Niliinunua ikiwa ya kahawia iliyoiva, nikaisugua kwa dawa ya kung'arishia shaba mpaka nikajiona ndani yake. Mwenzangu mmoja aliitazama, akaniuliza kama ni ya Italia. Tangu hapo chuma nakipaka mafuta mepesi kwa pamba, basi. Kutu jekundu linalokula nalitoa taratibu. Rangi ya kahawia haiguswi.

Ala ya ngozi usiipime kwa mhuri wa fundi pekee, mihuri inaghushiwa. Ichungulie ndani. Bastola iliyolala humo miaka mingi huacha umbo lake: doa la nyundo, mviringo wa silinda, ncha ya mtutu. Ngozi mpya iliyochovywa chai huwa na weusi ule ule mpaka kwenye kingo zilizokatwa.

Ukishaipata, bastola isilale ndani ya hiyo ala. Ngozi hunywa unyevu na kuubandika kwenye chuma. Hata risasi za shaba kwenye mkanda wa ngozi huota ukungu wa kijani. Kwa hiyo ala kwenye rafu yake, bastola kwenye kitambaa cha pamba, na glavu mkononi, maana jasho lina chumvi. Ngoja niirudishe kabari... imeingia. Video ijayo nitaleta kalibu ya risasi.