Robo Inchi ya Mikono Mitano

ZUHURA: Karibu tena, msikilizaji. Mimi ni Zuhura, niko na mdogo wangu Neema hapa Lushoto. Ni mwezi wa saba, baridi ndiyo hiyo, kwa hiyo leo tunaongea mifarishi, yale matandiko ya matabaka yanayoshonwa kwa vipande vya vitambaa.

NEEMA: Shikamoo, dada.

ZUHURA: Marahaba. Waambie kwanza hiyo furushi ni ya nini.

NEEMA: Ni miraba yangu, imefika tisa. Kwa ambao hawakutusikia mwanzoni: tuko wanawake watano, tunashona mfarishi wa kujifunzia. Kila mwezi mraba mmoja wa inchi 12, na kila mraba una somo lake. Mwenye kulijua anafundisha, wote tunashona, kisha tunapiga kura: wa kwangu waenda kwako, wa kwako kwa mwingine. Mwaka ukiisha kila mtu ana miraba 12 iliyopita mikono ya wote.

ZUHURA: Na hiyo kura ndiyo iliyonifundisha mimi. Mwezi wetu wa kwanza tulianza na rahisi kuliko yote: vipande tisa, kila kimoja inchi nne na nusu, vitatu kwa vitatu. Ukiunga kwa robo inchi, yaani mshono upite robo inchi kutoka ukingoni, mraba lazima utoke inchi 12 na nusu, ili ile nusu ije iliwe utakapoungwa na jirani yake. Wangu ulitoka 12 kamili.

NEEMA: Na dada ameshona sare za shule miaka mingi kuliko sisi wote.

ZUHURA: Ndiyo maana iliniuma. Nikakaa na futi mezani nikapima kila mshono. Nilikuwa nakula moja ya nane ya inchi zaidi, mkono ulivyozoea. Sasa fikiria: mshono mmoja unakula kitambaa cha huku na cha huku, kwa hiyo ile moja ya nane inakuwa robo. Na kutoka ukingo hadi ukingo kuna mishono miwili. Ndiyo nusu inchi yangu hiyo! Ukishona gauni peke yako, kosa hilo hulioni, maana linafanana kila mahali. Ukiunga na kazi ya mwenzio, kona zinakataa.

NEEMA: Waambie kipimo tulichotumia.

ZUHURA: Kata vipande vitatu vyembamba, upana wa inchi moja na nusu kila kimoja. Viunge kwa urefu, piga pasi, halafu pima cha katikati. Kikiwa inchi moja kamili, robo yako ni robo. Kikipungua, unakula sana. Sisi tulibandika plasta kwenye cherehani, pembeni mwa sindano, kitambaa kikawa kinatembea kwa kuigusa. Tangu siku hiyo miraba yetu inakubaliana.

NEEMA: Mimi nilifundisha pembetatu. Ukikata kitambaa mshazari kinavutika, hasa khanga, kwa kuwa ni nyepesi. Siri ni kushona kabla ya kukata. Chukua miraba miwili ya rangi mbili, ilaze uso kwa uso, piga mstari kona hadi kona. Shona robo inchi upande huu wa mstari, na robo inchi upande ule. Ndipo ukate juu ya mstari wenyewe. Unapata miraba miwili, kila mmoja una rangi zote mbili. Na pasi usiisugue: iweke, iinue.

ZUHURA: Na vitambaa vifuliwe kwanza. Khanga nyekundu isiyofuliwa itachuja rangi kwenye kazi ya mwaka mzima.

NEEMA: Dada, mraba wa magogo ule.

ZUHURA: Eh, ule. Msikilizaji, katikati unaweka kipande kidogo, Wamarekani wengi hupenda chekundu, wanasema ni moto wa nyumbani. Halafu unakizungushia vipande virefu, kimoja baada ya kingine, kama unajenga kuta za magogo. Mwenzetu mmoja alileta khanga ya marehemu mama yake, nusu ya doti, imechakaa mji wote, lakini jina bado linasomeka: "Japo sipati tamaa sikati." Alishika mkasi muda mrefu bila kukata. Mwisho akakata maneno manne, akayazungusha kwenye ule moto. Japo juu, sipati kulia, tamaa chini, sikati kushoto.

NEEMA: Kura ya mwezi ule hatukuipiga. Tulimwachia.

ZUHURA: Isingewezekana vinginevyo.

NEEMA: Mwezi huu je? Maana hakuna futi kabisa.

ZUHURA: Mwezi huu tumeiga ushonaji wa Wasiddi. Hawa ni watu wa asili ya Kiafrika wanaoishi India. Wengi mababu zao walivushwa bahari utumwani, kutoka upande wetu huu wa mashariki. Kina mama wa Kisiddi wa jimbo la Karnataka wana mfarishi wao, unaitwa kawandi. Hawaungi miraba. Wanatandika kitambaa cha chini, mara nyingi sari kuukuu, wanaanzia kona moja, wanakunja ukingo wa kila kipande na kukishona hapohapo kwa mkono, wakizunguka kandokando kuingia ndani mpaka wafike katikati. Mshono uleule unaoshika kipande ndio unaoshika matabaka yote. Na kwenye kona wanatia vipande vya pembetatu vilivyokunjwa, phula, yaani maua. Mfarishi usio na phula kwao uko uchi.

NEEMA: Mimi huo ndio nilioupenda. Miraba minane ya mwanzo siwezi kukwambia nani alishona upi. Huu nilipopata wa mwenzetu yule mwalimu mstaafu niliujua kabla sijaugeuza: mishono yake midogo kama punje za mchele, halafu mahali alipochoka inarefuka.

ZUHURA: Wa kwako unapinda kushoto.

NEEMA: Nashonea mkono wa kushoto, dada!

ZUHURA: Basi na uonekane. Haya, Jumamosi ni kwangu, saa nane mchana. Uje na blanketi lile kuukuu tulijaribu kwa ndani, na bitana. Tutapiga bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza, kipande kimoja tuone unene kama sindano inapita.

NEEMA: Na phula zangu mbili bado sijazitia.

ZUHURA: Njoo nazo, tutazitia hukuhuku.