Eugene Bullard, rubani aliyekataliwa kwao

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Jioni hii namzungumzia Eugene Bullard, Mmarekani Mweusi wa kwanza kuwa rubani wa kivita. Naomba mniruhusu nianzie chini kabla ya kupanda angani.

Alizaliwa 1895 mjini Columbus, jimbo la Georgia, enzi ambazo Mtu Mweusi aliweza kunyongwa na genge la Wazungu na asishtakiwe yeyote. Baba yake mwenyewe aliponea chupuchupu. Na baba huyohuyo ndiye aliyewasimulia wanawe habari za Ufaransa, nchi isiyombagua mtu kwa rangi. Kijana hakulisahau neno hilo. Alitoroka nyumbani angali mdogo, na 1912 akajificha melini mpaka Scotland. Akaishi kwa ngumi za ulingoni, hatimaye akafika Paris.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka alijiunga na Jeshi la Kigeni la Ufaransa, akapigana kwa miguu. Huko Verdun, 1916, alijeruhiwa vibaya pajani. Mtu mwingine angeshukuru Mungu akapumzika. Yeye akawekeana dau la dola 2,000 na rafiki yake kwamba atakuwa rubani, na Mei 1917 leseni akaipata. Alirusha ndege aina ya Spad, na ndani ya koti lake alimbeba kima wake, Jimmy.

Alisema aliangusha ndege mbili za Wajerumani, ingawa hazikuthibitishwa rasmi. Wapo wanaompima rubani kwa hesabu hiyo tu. Mimi kwa Bullard hainitoshi, kwa sababu mwaka huohuo wa 1917 Marekani iliingia vitani ikawa inawachukua marubani wake waliokuwa wakiitumikia Ufaransa. Bullard aliomba, akapimwa na madaktari, akafaulu. Wenzake Wazungu wakachukuliwa, yeye akaachwa. Jambo hili linaniuma kila ninapolisoma.

Baada ya vita aliendesha klabu za muziki wa jazi Paris. Wajerumani walipovamia 1940 akashika tena bunduki, akajeruhiwa, akapitia Hispania hadi New York. Huko, 1949, alipokwenda kwenye tamasha la mwimbaji Mweusi Paul Robeson karibu na mji wa Peekskill, alipigwa na kundi la watu pamoja na askari polisi. Picha zipo: mzee yuko chini, virungu viko juu yake. Ni mtu aliyekwisha kutunukiwa Croix de Guerre, nishani ya vita ya Ufaransa.

Riziki yake ya mwisho ilikuwa kuendesha lifti katika jengo la Rockefeller Center. Mwaka 1959 Ufaransa ilimpa nishani ya Légion d'honneur, na Desemba hiyo kituo cha televisheni cha NBC, kilichokuwa ndani ya jengo hilohilo, kikamwita studio kumhoji. Alikwenda na sare yake ya lifti.

Alifariki Oktoba 1961, akazikwa Queens, New York, katika sehemu ya maveterani wa Kifaransa, amevaa sare ya Jeshi la Kigeni. Jeshi la anga la Marekani lilimpa cheo cha luteni usu mwaka 1994.