Nailoni au Polista? Unyuzi Mmoja Kwenye Mashine ya Kuvuta

Habari za nyumbani, ndugu zangu. Leo tuangalie unyuzi mmoja uliookotwa kwenye koti la mtuhumiwa. Ni nailoni au polista? Kwa macho hujui. Ukiuvuta mpaka ukatike unajua mengi, ila jamani, kuvuta kuwe mwisho! Kielelezo kikishakatika ndiyo basi. Anza na hadubini, pima rangi, pitisha miali ya infraredi, kisha vuta kama nyuzi zinatosha.

Chukua kadi nyepesi, kata dirisha la milimita 10. Laza unyuzi katikati, bandika kila upande kwa tone la gundi nzito. Gundi nyepesi hutambaa ikaingia dirishani, na hapo urefu unaovutwa si milimita 10 tena. Iache kadi kwenye joto la sentigredi 20 na unyevu wa asilimia 65, maana nailoni hunywa maji hadi asilimia 4 hivi ya uzito wake, wakati polista haifikishi hata nusu asilimia. Ikishabanwa kwenye taya za mashine, ndipo ukate kingo mbili za kadi kwa mkasi, mzigo wote ubaki kwa unyuzi.

Polista ya nguo yenye kipenyo cha mikroni 12.5 hukatika kwenye gramu 8 au 9 hivi. Mimi lakini naamini zaidi mwanzo wa mchoro wa mashine, unaoonyesha mzigo dhidi ya urefukaji: polista hupanda kwa ukali, nailoni hupanda polepole kwa sababu hurefuka kwa mzigo mdogo. Rudia na nyuzi zilizoloweshwa. Nailoni itapungua nguvu, polista itabaki vilevile.

Unyuzi ukikatikia penye gundi, tupa jibu hilo. Kipenyo nacho ukikikosea kwa asilimia 5, eneo la mkato wa unyuzi umelikosea kwa 10 hivi. Na nguo iliyopigwa jua miaka mingi imeshachoka, kwa hiyo linganisha na nyuzi za nguo yenyewe inayoshukiwa, siyo na jedwali la kitabuni.

Halafu tazama ncha zilizokatika. Hapa Manchester, John Hearle, mtaalamu wa nyuzi, na wenzake walizichunguza sana kwa hadubini ya elektroni. Nailoni ikikatika kwa kasi kubwa, joto huiyeyusha ncha ikavimba kama uyoga. Mkasi huiacha imebanwa bapa. Ncha hizo ndizo hueleza tundu lilivyotokea, kwa hiyo shati la ushahidi likiwa na tundu, usikate sampuli kupitia tundu hilo. Kata mbali nalo, na mkato wako uuwekee alama.