Grupu la Darasa: Tupunguze Kutuma, Tuongeze Kupokea

Shikamooni walimu wangu mliotutangulia kazini. Na ninyi vijana mnaojiandaa kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, hamjambo?

Nimeombwa nizungumzie mitandao ya kijamii katika kufundisha na kujifunza. Mitandao ni mingi, nami sitaipitia yote. Nitakaa kwenye WhatsApp, kwa sababu ndiyo iliyomo kwenye simu za wazazi wa wanafunzi wetu, na ndiyo niliyofundishia tangu Machi 2020, shule zilipofungwa Tanzania nzima kwa ajili ya korona. Hadi madarasa mengi yanafunguliwa tarehe 29 Juni, tulikuwa tumekaa zaidi ya miezi mitatu bila kuonana na watoto. Wenzetu wa Uganda walikaa karibu miaka miwili. Shule zao hazikufunguliwa zote hadi Januari 2022.

Miezi ile nilifanya walichofanya wengi wenu. Nilifungua grupu, nikaingiza namba za wazazi, nikaanza kumwaga notisi. Asubuhi kurasa kumi za daftari nimezipiga picha, mchana PDF ya kitabu, jioni video. Nikiona tiki mbili za bluu naridhika, najua somo limefika. Wiki ya tatu mama mmoja akanipigia. Akaniambia kwa upole kabisa, "Mwalimu, simu yangu imejaa. Nimefuta picha za harusi ya mwanangu ili masomo yako yaingie. Sasa hata mdogo wake hawezi kuyafungua, bando limekwisha."

Sikupata usingizi usiku ule. Mama amefuta harusi ya mtoto wake kwa ajili ya kurasa zangu, na kurasa zenyewe hazijasomwa.

Kesho yake nilituma kitu kimoja tu. Hesabu ya kidato cha kwanza: 1/2 + 1/3. Nikaandika, "Fanya kwenye daftari, usifute ukikosea, piga picha unitumie mimi peke yangu kwenye simu ya mzazi." Picha zikaanza kuingia. Sehemu kubwa walikuwa wameandika 2/5. Wamejumlisha vya juu kwa vya juu, vya chini kwa vya chini. Tena kwenye picha moja niliona penseli ilivyosita: mtoto aliandika 6 pale chini, akaikata kwa mstari, akaweka 5. Yaani alikuwa na jibu mkononi, akaliacha.

Darasani mwenye wanafunzi sabini, mkato ule nisingeuona. Ningeona jibu la kosa, ningeweka alama ya X, ningeendelea na daftari linalofuata.

Sikuwapa kanuni. Nilirekodi sauti, sekunde kama thelathini, nikauliza kwenye grupu: "Una nusu ya mkate. Nimekuongezea kipande kingine. Je, unaweza kubaki na mkate pungufu ya ule uliokuwa nao?" Maana 2/5 ni ndogo kuliko nusu. Grupu likakaa kimya muda mrefu. Halafu sauti ya kwanza ikaingia, mtoto wa kike, nyuma yake mafuta yanachachatika kwenye karai, mama anakaanga samaki. Anasema, "Mwalimu, haiwezekani. Basi ile mbili ya tano tumekosea wote." Wote! Hakusema nimekosea. Aliwabeba na wenzake.

Walimu wenzangu, nilichojifunza usiku ule ndicho kilichonileta hapa. Tumezoea kuugeuza mtandao kuwa bomba la kupeleka vitu kwa mtoto. Kupeleka tulikuwa tunaweza hata zamani. Kulikuwa na redio, kulikuwa na karatasi za stensili. Jambo ambalo simu imetupa na hatukuwa nalo ni kurudi kwa fikra ya mtoto, mmoja mmoja, na kosa lake likiwa bado bichi. Tupunguze kutuma. Tuongeze kupokea.

Sasa tuangalie kazi yenyewe inavyokwenda, maana hapa ndipo wengi wanakwama.

Shuleni kwetu mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu. Kwa hiyo simu unayoitumia ni ya mzazi, na ratiba yako ni lazima ifuate maisha ya mzazi. Mama anayeuza samaki ferini hayuko nyumbani saa tisa alasiri. Anarudi magharibi, anapika, simu inakuwa huru labda saa moja na nusu hadi saa mbili na nusu usiku. Saa hiyo moja ndiyo darasa lako. Ukituma swali asubuhi, litazikwa na salamu na picha za maua, na ukituma saa nne usiku, umemwamsha mtu aliyechoka.

Swali liwe moja. Liandikwe kwa maneno, lisiwe video. Ujumbe wa sauti wa dakika moja haufiki hata MB moja, lakini video ya dakika tano inaweza kumaliza bando la siku la familia nzima. Mimi nikitaka waone kitu, nakichora kwenye karatasi, napiga picha moja, basi.

Na baada ya kuuliza, nyamaza. Hili ni gumu kuliko yote. Vidole vinawasha, unataka kuandika jibu. Ngoja hadi kesho darasani. Yule aliyekosea vizuri, nami nasema vizuri kwa sababu yako makosa yanayofundisha darasa zima, muombe ruhusa, kisha liandike kosa lake ubaoni bila jina.

Naona mkono pale nyuma. Karibu, mwalimu.

(Mwalimu mmoja mkongwe akauliza: "Mwanangu, na wale ambao nyumbani kwao kuna kitochi tu, au hakuna simu kabisa? Si unawaacha nje?")

Shikamoo, mwalimu. Swali lako ndilo linalonisumbua kuliko mengine yote, na nisipolijibu vizuri, yote niliyosema hayana haki ndani yake. Kwangu swali la jioni linaandikwa kwanza ubaoni kabla ya kengele ya kuondoka. Wote wanaondoka nalo kwenye daftari. Mwenye simu anatuma picha, asiye nayo analeta daftari asubuhi mezani kwangu, na yeye ndiye namsomea kwanza. Kitochi kinapokea ujumbe wa kawaida, kwa hiyo jibu fupi anaweza kuandika. Na sitoi maksi kwa kitu chochote kinachopita kwenye grupu. Siku utakapotoa maksi za WhatsApp, umempa maksi baba mwenye simu janja.

Mkumbuke pia mwalimu mwenzetu wa Kenya, Peter Tabichi, aliyepata tuzo ya mwalimu bora duniani mwaka 2019, dola milioni 1. Shule yake ya kutwa ya Keriko, kule Nakuru, ilikuwa na kompyuta moja na intaneti ya kubahatisha. Alikuwa anakwenda kwenye intaneti kafe, anapakua anachokihitaji, anakirudisha darasani kwa watoto kukitazama bila mtandao. Wanafunzi wake hawakuhitaji bando. Mwalimu ndiye aliyelibeba.

Kwa upande wa sisi walimu wenyewe, mnazijua Jumuiya za Ujifunzaji za MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambazo zinatukutanisha shuleni. Lakini mwalimu wa fizikia aliye peke yake kwenye shule nzima anakutana na nani? Huyo grupu la WhatsApp la walimu wa somo lake linamfaa kuliko mtu yeyote. Na huko pia nawaomba mpeleke matatizo, si PDF tu. Mwaka 2018 mwalimu wa Ghana, Richard Appiah Akoto, alichora ukurasa mzima wa Microsoft Word ubaoni kwa chaki za rangi, vitufe vyote, kwa sababu shule yake haikuwa na kompyuta na watoto walikuwa na mtihani wa somo hilo. Aliweka picha Facebook. Hakuweka mafanikio, aliweka shida yake jinsi ilivyo, na dunia ikaiona. Microsoft wakamwalika Singapore, na kompyuta zikafika shuleni kwake.

Sasa nina jambo linalonichoma. Tunawarekodi watoto. Mtoto anaulizwa swali, anajibu vibaya, mwalimu anaposti TikTok, watu wanacheka. Yule mtoto ni wa mtu. Miaka kumi ijayo atatafuta kazi na video ile bado ipo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayomlinda na yeye. Hata kama sheria isingekuwepo, ungekubali ya mwanao?

Kosa la aina hiyo nimelishuhudia kwa karibu. Shule moja niliyofundisha, matokeo ya muhula yalipigwa picha yakawekwa kwenye grupu la wazazi, majina na nafasi, wa kwanza hadi wa mwisho. Mimi ni mmoja wa tuliokaa kimya. Kijana aliyeshika mkia hakuja shule siku nne. Tulipomfuata, baba yake alisema majirani walikuwa wameshafowadi ile picha kabla yeye mwenyewe hajaiona. Hata Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule na wanafunzi bora tangu matokeo yaliyotoka Januari 2023. Matokeo ya mtoto mpelekee mzazi wake peke yake.

Mengine nitayataja haraka kwa kuwa mnayajua. Usichati na mwanafunzi pembeni kwa siri. Kila mazungumzo yapite kwenye simu ya mzazi, na kwenye grupu awepo mwalimu wa pili. Na msimu wa mitihani zikizuka akaunti za Telegram zinazouza "pepa zilizovuja", waambieni watoto mapema, kabla hawajachangishana hela ya kumlipa tapeli.

Tumebakiza dakika kumi na tano. Naomba mkae wawili wawili, wa somo moja. Mmoja atoe daftari, aandike kosa moja ambalo wanafunzi wake hulirudia kila mwaka. Mwenzake atoe simu, arekodi swali la sekunde thelathini la kumfanya mtoto alione kosa hilo mwenyewe, bila kumpa jibu. Mkimaliza nitumieni mimi, namba iko ubaoni, tuyasikilize hapa pamoja. Walimu wa Kiswahili waliokaa karibu na dirisha, naomba tuanze na ninyi.