Sukari Inakwenda Wapi Misuli Ikipungua
Mhadhara kwa wazee, Ujiji, Kigoma

Wazee wetu, shikamooni.

Leo tuanze na mapaja. Ugali ukishaliwa hugeuka sukari na kuingia kwenye damu. Sehemu kubwa ya sukari hiyo huchukuliwa na misuli, na misuli mikubwa kuliko yote iko mapajani na makalioni. Umri ukienda misuli hupungua, na aliyeacha jembe au nyavu hupungukiwa haraka zaidi. Lakini bonge la ugali linabaki lilelile! Sukari inayozidi hugeuzwa mafuta, nayo hujaa tumboni na kwenye ini. Ini likishajaa mafuta humwaga sukari kwenye damu hata usiku umelala. Kwa hiyo mizani kusoma kilo zako za zamani kusikutulize, kama miguu imekonda na kitambi kimeota.

Chukua kamba, ipime toka kisiginoni hadi utosini, ukate. Ikunje mara mbili, kisha izungushe kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, pumzi ikiwa imetoka. Ncha zisipokutana, kapime sukari ya damu. Kabla ya kupima, kaa muda wa saa 8 bila kitu ila maji. Chai ya sukari ya alfajiri huharibu kipimo. Ikisoma 7.0 au zaidi kwa kipimo cha mmol/L, na siku nyingine hivyohivyo, hicho ni kisukari. Kati ya 6.1 na 6.9 bado kuna nafasi nzuri ya kuirudisha chini, na hapo ndipo ningependa kila mmoja wetu agundulike.

Sasa zoezi. Egemeza kiti kigumu ukutani, kaa, mikono kifuani. Simama, kisha shuka ukihesabu moja, mbili, tatu. Fanya mara 8 hadi 12, pumzika, rudia mizunguko miwili, siku tatu kwa wiki. Wengi hujitupa kitini, na kumbe kule kushuka polepole ndiko kunakojenga paja. Magoti yakiuma, weka mto juu ya kiti. Ukizoea, kumbatia kidumu cha maji cha lita 3. Na baada ya chakula tembea dakika 10 hadi 15.

Misuli haijengwi na ugali wa muhogo, protini yake ni kidogo mno. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 70 za protini kwa siku, zigawanywe kwenye kila mlo. Gramu 30 za dagaa wakavu zina karibu 18. Waoshe mchanga utoke. Wa chumvi waloweke, maji umwage. Mawese yapimwe kwa kijiko, msimimine toka chupani: kijiko kimoja cha chakula kina kalori kama 120.

Mwenye ugonjwa wa figo aulize daktari kwanza kabla ya kuongeza protini. Anayetumia insulini au glibenklamidi (vidonge vya kushusha sukari) naye amwambie daktari kabla ya kupunguza ugali au kuanza mazoezi, maana sukari inaweza kushuka mno. Akitetemeka na kutoka jasho, anywe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, angoje dakika 15, na asipopata nafuu arudie. Akizimia, msimnyweshe kitu, mkimbizeni hospitali.