Bebra: stesheni ya mji mdogo ambako Ujerumani mbili zilikutana

Hamjambo ndugu zangu. Wa Tanzania, wa Kenya, wa Kongo, na nyinyi mnaonitazama kutoka Muscat, karibuni sana. Leo sipo Berlin wala Frankfurt. Nimesimama kwenye stesheni ya Bebra, kaskazini mwa jimbo la Hessen, mji wenye watu takribani 14,000 kando ya mto Fulda. Najua wengi wenu jina hili ni geni. Hata vijana wa Kijerumani wengi hawana habari nalo. Lakini muulize mzee wa Kijerumani aliyekuwa na ndugu upande wa Mashariki, atakuambia alipita hapa, au mama yake alipita hapa.

Ngoja nigeuze kamera. Mnaliona jengo lile? Haliko pembeni ya reli kama stesheni zetu nyingi. Liko katikati, reli huku na reli kule. Stesheni ya namna hii hujengwa kwa ajili ya watu wa kushuka treni moja na kupanda nyingine. Mwenyeji wa mji anafikiriwa baadaye. Kwa ndugu zangu wa reli ya kati, fikirieni Kaliua, pale tawi la Mpanda linapoachana na njia ya Kigoma: sehemu ambayo abiria wanaijua kwa kusubiri.

Sasa kwa nini hapa? Jibu liko kwenye ardhi. Mto Fulda unatoka kusini, unafika hapa, unapinda kuelekea Kassel. Wajenzi wa reli katika karne ya 19 walifuata mabonde, kwa sababu vichwa vya treni vya mvuke vya wakati ule havikuweza milima mikali. Mwaka 1848 njia kutoka upande wa Kassel ikafika Bebra. Ilikuwa ya kampuni iliyobeba jina la mtawala wa nchi ndogo ya Hessen-Kassel, Friedrich Wilhelm. Hapa njia ikaliacha bonde, ikageuka mashariki, ikapenya kilima kwa handaki la Hönebach, karibu kilomita nzima chini ya ardhi, na mwaka 1849 ikafika Gerstungen na kuungana na reli ya Thuringia, nchi jirani ya upande wa mashariki. Kuanzia hapo mtu aliweza kutoka Kassel kwenda Leipzig au Berlin kwa treni akipitia kijiji hiki. Ndiyo, wakati ule Bebra ilikuwa kijiji. Hadhi ya mji iliipata mwaka 1935.

Mwaka 1866 ikaja njia ya kusini, mpaka Fulda, na mwaka huohuo Prussia ikaimeza nchi ya Hessen-Kassel na mtawala wake akapoteza kiti. Reli haikujali. Mwaka 1868 ilikuwa imefika Hanau, mlangoni mwa Frankfurt. Kufikia 1876 ikaongezeka njia ya kaskazini kwenda Göttingen. Pande zote nne zikawa zinakutana hapa.

Lakini kulikuwa na shida moja, na naomba mnifuatilie vizuri kwa sababu shida hiyo ndiyo iliyoulisha mji huu. Treni iliyotoka Berlin kupitia Erfurt kwenda Frankfurt iliingia Bebra ikitazama upande usio wake. Ilibidi kichwa kifunguliwe mbele, kingine kifungwe nyuma, ndipo treni iondoke kwa kurudi ilikotokea kabla ya kushika njia ya kusini. Kazi hiyo inataka watu: wa kufunga na kufungua mabehewa, wa kujaza maji na makaa, madereva, mafundi wa karakana, watu wa ishara. Mwaka 1914 wakajenga kona ya mkato kusini mwa stesheni, inaitwa kona ya Berlin mpaka leo, ili treni za moja kwa moja zisiingie hapa kabisa. Ikumbukeni kona hiyo.

Vita vya Pili vikaisha mwaka 1945, Ujerumani ikagawanywa. Hessen ikawa ya Wamarekani, upande uliokuja kuwa Ujerumani Magharibi. Thuringia ikawa ya Wasovieti, upande uliokuja kuwa Ujerumani Mashariki. Gerstungen, ile stesheni ya jirani ya mwaka 1849, ikabaki upande wa pili.

Na hapa kuna kisa ambacho binafsi kinanigusa kuliko vyote. Njia ya kutoka Bebra kwenda Göttingen ilikuwa roho ya Wamarekani, kwa sababu bandari yao ilikuwa kaskazini, Bremerhaven, na majeshi yao yalikuwa kusini. Lakini kama kilomita nne za njia hiyo zilipita ndani ya eneo la Wasovieti. Treni zikawa zinakwama. Basi tarehe 17 Septemba 1945, katika mji mdogo wa Wanfried, maofisa wa pande mbili wakakaa mezani wakabadilishana vijiji. Werleshausen na Neuseesen vikahamia upande wa Wamarekani. Asbach, Sickenberg, Vatterode na vijiji jirani vyake viwili vikakabidhiwa kwa Wasovieti. Kipande hicho cha reli watu wakakibandika jina la laini ya wiski na vodka, na mpaka leo kinaitwa hivyo.

Nataka tutulie kidogo hapo. Mkulima wa Asbach hakuhama. Nyumba yake ilikuwa palepale, shamba lake palepale. Kwa sababu ya kilomita nne za reli, yeye na watoto wake walijikuta wakiishi kwenye nchi nyingine, na miaka michache baadaye mpaka ule ukafungwa kwa seng'enge na minara ya walinzi. Mwenzake wa Werleshausen alipata bahati ya kuwa upande wa pili. Sisi Waafrika tunaijua mipaka iliyochorwa mezani na watu wasioishi mahali penyewe. Sikutegemea kuikuta habari hiyohiyo katikati ya Ulaya, tena kwa ajili ya reli.

Baada ya hapo Bebra ikawa stesheni ya mpaka. Treni zilizounganisha Ujerumani mbili ziliingia hapa, zile za kutoka Frankfurt kwenda Erfurt, Leipzig na Dresden, na nyingine zilizokwenda Berlin. Upande huu walikagua polisi wa mpaka na watu wa forodha wa Magharibi. Kule Gerstungen walikuwepo wa Mashariki, na ukaguzi wao ulikuwa mkali, na mbwa wa kunusa chini ya mabehewa. Kona ya Berlin haikuwa na faida tena kwa safari hizo, kwa sababu treni lazima isimame, kichwa kibadilishwe, watu wakaguliwe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyaya za umeme zikafika kutoka kusini, zikaendelea kaskazini. Kwenda mashariki hazikwenda. Kwa hiyo ulikuwa unaona jambo la ajabu: chini ya nyaya za umeme za Magharibi, kinaingia kichwa cha mvuke cha reli ya Mashariki, kikubwa, cheusi, kinachoma mafuta, kimevuta treni kutoka Erfurt. Mpaka 1973 ilikuwa hivyo, na wapenzi wa treni walikuja hapa na kamera zao kutoka mbali. Baadaye zikaja dizeli zilizotengenezwa Umoja wa Kisovieti.

Abiria wengi wa treni zile walikuwa wazee. Kuanzia mwaka 1964 serikali ya Mashariki iliwaruhusu wastaafu kwenda kuwaona ndugu zao wa Magharibi. Vijana walibaki nyuma, hao ndio walioogopwa kwamba hawatarudi. Kwa hiyo bibi wa miaka 65 anashuka hapa na sanduku lake, amesafiri peke yake, hajamwona dada yake miaka na miaka. Mimi niliyeacha wazazi nyumbani siwezi kusoma habari hizo haraka haraka.

Wakati huohuo njia ya kaskazini kwenda kusini, Hamburg, Hannover, Bebra, Frankfurt, ikawa miongoni mwa njia zenye shughuli nyingi kuliko zote Ujerumani Magharibi. Kusema kweli hii ni ngumu kuisema, lakini nitaisema: kugawanyika kwa nchi kulikuwa msiba kwa taifa, na kukawa ajira kwa Bebra.

Novemba 1989 mpaka ukafunguka. Treni za kutoka Mashariki ziliingia hapa zimefurika, watu wamesimama mpaka milangoni, wengi wakija kuona tu, na kupokea zile mark 100, fedha ya Magharibi ya wakati ule, ambazo serikali ya Magharibi ilimpa kila mgeni. Mji mzima ukawa mwenyeji.

Halafu ikapita miaka miwili tu. Mwaka 1991 ikafunguliwa njia mpya ya kasi kutoka Hannover mpaka Würzburg, kilomita 327, mahandaki na madaraja matupu, kwa ajili ya treni mpya za kasi zinazoitwa ICE. Inapita Kassel, inapita Fulda. Bebra haimo. Safari za mbali za kaskazini na kusini zikaondoka. Upande wa mashariki, nchi ilipoungana, njia ya Bebra hadi Erfurt ikatengenezwa upya, na mwaka 1995 nyaya za umeme zikaunganishwa. Hakuna tena kubadilisha kichwa. Na treni za kasi za Frankfurt na Leipzig zikashika ile kona ya Berlin ya mwaka 1914, zikawa zinapita nje ya stesheni.

Nawaeleza haya kwa sababu nyumbani nasi tuko kwenye hatua hiyo. Kenya walianza na Madaraka Express 2017, Tanzania treni ya umeme imefika Dodoma 2024. Nazifurahia kwa moyo wote. Lakini wale wazee wa reli ya zamani, wa Voi, wa Tabora, wa Kaliua, nani anakaa nao kuwarekodi? Kama babu yako alikuwa dereva au fundi wa reli, mwekee simu mbele aongee.

Hapa Bebra wamejitahidi. Banda la zamani la vichwa vya treni limegeuzwa ukumbi wa shughuli, mnara wa maji umehifadhiwa. Mizigo bado ipo, ikiwemo chumvi ya potashi kutoka migodi ya bonde la Werra, na mabehewa bado yanapangwa kwenye yadi. Treni za abiria nyingi ni za mkoa, za kampuni ya Cantus, za Kassel, Fulda, Göttingen na Eisenach.

Sasa inapangwa njia nyingine mpya ya kasi, kati ya Fulda na Gerstungen. Swali kubwa lilikuwa ICE isimame wapi katika eneo hili, na Deutsche Bahn, shirika la reli la Ujerumani, imechagua njia yenye kituo Bad Hersfeld. Mimi sina kura Hessen, lakini nasema wazi kwamba ningependa iwe hapa.

Treni yangu ya Eisenach inaingia. Nitashuka Gerstungen, niwaonyeshe upande wa pili wa mpaka ule. Tukutane kwenye video ijayo.